Mlezi Aliyelelewa: Maisha ya Kadinali Maurice Michael Otunga na Ulezi wa Kiroho Kisii na Nyamira

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa wazazi waliomzaa mtoto na kumlisha, lakini ina uzito ule ule inapoelekezwa kwa wale wanaomlea mtu katika imani. Katika Ukristo hakuna anayezaliwa akiwa muumini aliyekomaa. Kila Mkristo ana mtu aliyemfunza sala ya kwanza, aliyemsimamia alipobatizwa, aliyemwonya alipopotoka na aliyemtia moyo alipotaka kukata tamaa. Huyo ndiye mlezi wa kiroho.

Makala haya yanadhamiria kuyaeleza maisha ya Kadinali Maurice Michael Otunga, askofu wa kwanza wa Jimbo Katoliki la Kisii kati ya mwaka 1960 na 1969, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi na Mkenya wa kwanza kuteuliwa kadinali. Maisha yake yamekwisha kuandikwa kwa jicho la historia ya Kanisa. Sisi tunayatazama kwa jicho la ulezi. Hoja yetu ni kwamba mlezi wa kiroho hupimwa kwa mambo mawili: kwanza, iwapo anaijua hofu ya yule anayemlea, na pili, iwapo anajua kumwachilia asimame kwa miguu yake mwenyewe. Otunga alipimwa kwa mambo yote mawili, na si kila mara ambapo mtihani ulikuwa mwepesi.

Dhana ya ulezi katika lugha na mila

Kabla ya kuingia katika maisha yenyewe, ni vyema tuitazame dhana hii katika lugha yetu. Kiswahili ni tajiri mno katika uwanja huu. Katika jamii za pwani, kungwi ndiye aliyemfunda mwari mambo ya utu uzima, na nyakanga ndiye mkuu wa shughuli za jando au unyago. Somo ni neno lenye maana kadhaa: ni mwanamke aliyemfunda msichana, ni rafiki wa siri, na pia ni mtu anayechangia jina na mwingine. Kanisa Katoliki katika Afrika Mashariki liliichukua maana hii ya mwisho na kumwita somo yule mtakatifu ambaye muumini au parokia imepewa jina lake. Hivyo basi neno lililotoka katika chumba cha mwari likaingia kanisani bila kupoteza kiini chake: somo ni yule aliyetangulia, ambaye nyayo zake zinafuatwa.

Neno jingine ni msimamizi, yaani baba au mama wa ubatizo. Sheria za Kanisa Katoliki zilizotolewa mwaka 1983 zinataka msimamizi awe amefikisha umri wa miaka 16, awe amepokea kipaimara, aishi maisha yanayoafikiana na imani, wala asiwe mzazi wa mtoto anayebatizwa. Sharti hili la mwisho lina maana kubwa. Kanisa linasema kwamba mzazi peke yake hatoshi. Mtoto anahitaji mtu wa pili, asiye mzazi wake, atakayemtazama kwa ajili ya imani yake.

Wagusii hawakuhitaji kufundishwa hekima hii na wageni. Katika mila yao ya tohara, kijana aliyetahiriwa alikaa utawani kwa muda, na aliyemwangalia aliitwa omosegi. Omosegi alikuwa mtu aliyekwisha kuipitia njia hiyo mwenyewe. Alijua maumivu yake, alijua hofu yake, na alijua siku ambapo kijana angetoka nje akiwa mtu mzima. Siku hiyo ilipofika, kazi ya omosegi ilikwisha, ingawa heshima kati yao ilidumu. Mwari hakai ndani milele.

Ardhi iliyolimwa kwa shida

Imani ya Kikristo iliingia Ugusii wakati mbaya. Mwaka 1905 na tena mwaka 1908 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwapelekea Wagusii majeshi ya kuwaadhibu. Mashambulizi ya 1908 yalifuatia kitendo cha shujaa Otenyo kumchoma mkuki mtawala wa wilaya, Northcote, baada ya kuhamasishwa na nabii wa kike Moraa. Nyumba zilichomwa, mifugo ikatwaliwa na watu wengi wakauawa. Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1911, wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu, karibu na mji wa Kisii. Waadventista wa Sabato, waliokuwa wamepiga kambi Gendia kando ya Ziwa Victoria tangu mwaka 1906, nao wakaanzisha kituo chao Nyanchwa muda mfupi baadaye.

Si ajabu basi kwamba wenyeji waliwatazama wageni hawa kwa jicho la shaka. Mmisionari alikuwa na rangi moja na watawala walioyatuma majeshi yaliyochoma nyumba. Mwezi wa Septemba 1914, Wajerumani walipouvamia mji wa Kisii mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waingereza wakauacha kwa muda, wenyeji waliingia katika vituo vya misheni na kuvipora. Wakati huo huo dini ya Mumbo, iliyoanzia kwa Wajaluo wa Alego mwaka 1913 na kutabiri kuondoka kwa Wazungu, ilikuwa ikienea hadi Ugusii.

Imani iliota mizizi hatimaye, na aliyeifanya iote aghalabu hakuwa padri bali katekista. Padri alikuwa mmoja na eneo lake lilikuwa pana. Alifika kigangoni mara chache. Katekista ndiye aliyeishi na watu. Ndiye aliyewafunza wakatekumeni sala na mafundisho, aliyewajua wake na waume zao, magomvi yao na misiba yao, na ndiye aliyemweleza padri ni nani aliyekuwa tayari kubatizwa. Kwa lugha ya mila, katekista alikuwa omosegi wa imani mpya. Majina ya wengi wao hayamo vitabuni, lakini hakuna kanisa la zamani Kisii au Nyamira ambalo halikusimama juu ya mabega yao.

Mwana wa chifu

Maurice Otunga alizaliwa mwezi wa Januari mwaka 1923 kijijini Chebukwa, katika eneo la Bungoma, mbali kidogo na Ugusii. Baba yake, Sudi Namachanja, alikuwa chifu mashuhuri wa Wabukusu, mtu mwenye wake wengi na watoto wengi. Hakuwa Mkristo wakati huo. Kwa hiyo mtoto huyu hakupewa imani nyumbani kama urithi. Aliipata kwa walezi wengine, yaani walimu na wamisionari wa Mill Hill katika shule alizosoma. Alibatizwa mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Kijana wa umri huo katika boma la chifu alikuwa na mengi ya kumvuta upande mwingine, na bila shaka palihitajika mkono imara wa kumshika.

Kutoka hapo njia yake ilikuwa ya kufunzwa na kufunzwa tena. Aliingia seminari, akaendelea na masomo katika seminari kuu ya Gaba nchini Uganda, kisha akapelekwa Roma kusoma teolojia katika chuo cha Propaganda Fide. Alipewa upadri mjini humo tarehe 3 Oktoba 1950. Kwa kalenda ya Kanisa ya wakati ule, siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa wa Ufaransa ambaye hakuwahi kutoka katika utawa wake kwenda ng'ambo, lakini ambaye mwaka 1927 alitangazwa kuwa msimamizi wa misheni zote.

Inasimuliwa kwamba baba yake alitamani mwanawe huyu aurithi uchifu, na kwamba kijana alikataa. Tusilipite jambo hili haraka. Katika Kenya ya kikoloni, uchifu ulikuwa mali, ardhi na sauti mbele ya serikali. Mwana aliyeukataa hakujinyima yeye tu, bali aliwanyima pia ndugu waliotarajia kusimama nyuma yake. Hata hivyo, kukataa kwake hakukuwa kukataa kuongoza. Alikuwa amechagua namna nyingine ya uongozi, ambapo mtu hurithi watoto asiowazaa.

Aliporudi Kenya, Otunga alifundisha seminarini na baadaye akafanya kazi katika ofisi ya mjumbe wa Papa, iliyokuwa mjini Mombasa. Mwezi wa Novemba 1956 aliteuliwa kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, na mwezi wa Februari 1957 akawekwa wakfu. Alikuwa na umri wa miaka 34, naye alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufikia cheo hicho katika nchi iliyokuwa bado koloni.

Mgeni anayelea wenyeji

Tarehe 21 Mei 1960 Jimbo la Kisii lilimegwa kutoka Jimbo la Kisumu, na Otunga akateuliwa kuwa askofu wake wa kwanza. Msomaji wa leo anapaswa kukumbuka kwamba jimbo hilo lilikuwa pana kuliko lilivyo sasa. Halikuishia katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira. Liliteremka hadi ufuoni mwa Ziwa Victoria katika nchi ya Wajaluo wa Nyanza Kusini, na kusini likafika kwa Wakuria mpakani mwa Tanganyika. Hadi mwaka 1993 ndipo Jimbo la Homa Bay lilipotengwa, na Kisii kubaki na eneo ambalo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira.

Askofu huyu alikuwa Mbukusu. Hakuwa Mgusii wala Mjaluo. Jamii hizi mbili zilikuwa na historia ndefu ya kuoleana na kufanya biashara, lakini pia ya kugombania mipaka, na miaka iliyozunguka uhuru wa Kenya, uliopatikana tarehe 12 Desemba 1963, iliamsha maswali makali ya mipaka ya wilaya na ya nani angetawala wapi. Kwa upande mmoja, ugeni ulimpa Otunga nafasi ya kuwa baba wa pande zote mbili, asiyedaiwa na ukoo wowote. Kwa upande mwingine, ulimaanisha kwamba lugha ya mama ya waumini wake haikuwa lugha ya mama yake. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili. Lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji asipomsikiliza kwanza.

Miaka yake ya Kisii iliangukia ndani ya tukio kubwa la Kanisa Katoliki katika karne ya 20, yaani Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika Roma kutoka Oktoba 1962 hadi Desemba 1965. Otunga alikuwa miongoni mwa maaskofu wa Afrika walioushiriki. Kwa wapenzi wa lugha, uamuzi mmoja wa mtaguso huo unastahili kukumbukwa. Hati juu ya liturjia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, siku nane tu kabla ya uhuru wa Kenya, ilifungua mlango wa kutumia lugha za wenyeji katika ibada. Kilatini, ambacho bibi wa kijijini alikisikia bila kukifahamu, kikaanza kuondoka altareni, nafasi yake ikachukuliwa na Kiswahili, Ekegusii na Dholuo.

Hati hiyo hiyo ilirejesha ukatekumeni wa watu wazima, yaani safari ya hatua kwa hatua ya kumwandaa mtu kwa ubatizo, akisindikizwa na jumuiya. Nayo hati juu ya umisionari, iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, iliwasifu makatekista na kutaka waandaliwe vyema na watunzwe. Kwa Ulaya, mambo haya yalikuwa kama kufufua desturi ya kale. Kwa Kisii, yalikuwa kukiri hadharani kazi ambayo ilikuwa ikifanywa tangu Nyabururu ya mwaka 1911. Omosegi wa imani alikuwa amepata hati yake.

Mtihani wa Legio Maria

Hata hivyo, wakati maaskofu walipokuwa Roma wakijadili namna ya kulea, nyumbani waumini walikuwa wakitafuta walezi wengine. Kati ya mwaka 1962 na 1963, katika sehemu ya Nyanza Kusini iliyokuwa ndani ya jimbo la Otunga, palizuka vuguvugu lililokuja kuitwa Legio Maria. Viongozi wake mashuhuri walikuwa Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, mwanamke kijana ambaye mwaka 1963 alikuwa amefiwa na watoto wake wawili katika siku moja. Makumi ya maelfu ya watu waliwafuata kwa muda mfupi, wengi wao wakiwa Wakatoliki au watu waliokuwa wakijiandaa kubatizwa. Kanisa Katoliki halikulitambua vuguvugu hilo, na mwaka 1966 lilisajiliwa na serikali kama dhehebu linalojitegemea.

Jina lenyewe lilitoka katika Jeshi la Maria, chama cha walei kilichoanzishwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Afrika Mashariki mwaka 1936 na Edel Quinn, mwanamke wa Ireland aliyezunguka nchi hizi akiwa mgonjwa wa kifua kikuu hadi alipofariki Nairobi mwaka 1944. Chama hicho kilikuwa na utaratibu wa ulezi unaofahamika: wanachama walitembelea nyumba, waliwaona wagonjwa na kuwafuatilia waliolegea. Waliojitenga walichukua jina na ari hiyo, wakaiongezea uponyaji, unabii na ufukuzaji wa pepo. Jambo la kushangaza ni kwamba walikihifadhi Kilatini katika ibada zao, wakati Wakatoliki walipokuwa wakikiacha.

Kwa nini watu waliondoka? Sababu ni nyingi, zikiwemo za kisiasa na za kijamii, lakini moja inahusu mada yetu moja kwa moja. Mafundisho ya katekisimu yalimjibu muumini maswali juu ya Utatu na sakramenti. Hayakumjibu vya kutosha mama aliyeamini kwamba watoto wake wameuawa kwa uchawi, wala mgonjwa aliyekuwa na hakika kwamba amepagawa. Padri alimwambia kwamba hofu hiyo ni ushirikina. Aoko alimwambia kwamba anaijua, kwa kuwa ilimkuta yeye mwenyewe. Hapa ndipo tunapouona ukweli wa mila ya Wagusii: omosegi ni lazima awe amepita njia ile ile. Mlezi wa kiroho asiyeijua hofu ya mtoto wake atafundisha vizuri, lakini hatasikilizwa.

Haitupasi kumbebesha Otunga lawama yote ya mgawanyiko huo. Jimbo lilikuwa changa, mapadri walikuwa wachache na wengi wao walikuwa wageni. Lakini pia haitupasi kuufuta kutoka katika historia ya maisha yake, kama simulizi nyingi za sifa zinavyofanya. Askofu wa kwanza wa Kisii alishuhudia sehemu ya kundi lake ikihama ndani ya miaka michache ya kwanza ya uaskofu wake. Aliyepitia hayo hawezi kudhani tena kwamba watu hubaki kwa sababu tu wamebatizwa.

Kukabidhi na kuondoka

Mwezi wa Novemba 1969 Otunga aliteuliwa kuwa askofu mkuu mwandamizi wa Nairobi, na uongozi wa Kisii ukachukuliwa na Askofu Tiberius Mugendi. Kuondoka huku kuna somo lake. Alikuwa ameanza na jimbo ambalo halikuwa na historia, akalilea kwa miaka tisa, kisha akaliacha mikononi mwa mwingine. Kama omosegi, alifungua mlango wa utawa, akajiondoa.

Mwezi wa Oktoba 1971 alirithi kiti cha Askofu Mkuu John Joseph McCarthy, na tarehe 5 Machi 1973 Papa Paulo wa Sita alimfanya kadinali. Mwaka 1978 alishiriki mara mbili katika uchaguzi wa Papa. Mwaka 1981 aliongezewa jukumu la kuwa askofu wa wanajeshi wa Kenya, na mwaka 1985 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, ambalo Papa Yohane Paulo wa Pili alilihudhuria.

Katika miaka hiyo maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976 iliyofanyika Nairobi, waliamua kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa nguzo ya kazi ya kichungaji. Familia chache za jirani zingekutana nyumbani, zisome Maandiko, zisaidiane katika ugonjwa na msiba, na zimwandae anayetaka sakramenti. Uamuzi huu ulikuwa, kwa namna fulani, jibu la swali lililoulizwa Nyanza Kusini mwaka 1963. Ulezi wa kiroho usingeachwa mikononi mwa padri anayefika mara moja kwa mwezi. Ungekuwa kazi ya jirani anayesikia mtoto akilia usiku. Leo ni vigumu kukipata kijiji chenye Wakatoliki Kisii au Nyamira kisicho na jumuiya kama hiyo.

Mlezi na kizazi kinachouliza

Sehemu ngumu ya maisha ya Otunga ilikuja katika miaka yake ya mwisho ya uongozi. Virusi vya Ukimwi viligunduliwa Kenya katikati ya miaka ya 1980, na Nyanza ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Kadinali alishika kwa uthabiti mafundisho ya Kanisa lake dhidi ya kondomu na njia nyinginezo za kupanga uzazi. Mwaka 1996, mjini Nairobi, aliongoza tukio la kuteketeza kondomu na vitabu vya mafunzo hadharani.

Wapo waliomwona kuwa mlezi wa kweli, asiyebadilisha neno lake ili kupendwa na ulimwengu. Kwao, baba anayelegeza kila mtoto anapolia si baba. Wapo pia waliohuzunika, wakiwemo Wakristo waliowauguza wagonjwa na kuwazika vijana, kwani waliona kwamba moto ule haukuliacha wazi lango la mazungumzo. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Novemba 1999, serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Mahospitali na nyumba za watawa Wakatoliki nazo ziliendelea kuwapokea wagonjwa ambao jamaa zao walikuwa wamewaacha.

Hatuandiki haya ili kumhukumu aliyekwisha kwenda. Tunayaandika kwa sababu yanagusa hatari iliyomo ndani ya ulezi wowote. Neno la mlezi ni zito kuliko neno la mtu wa kawaida. Akisema, wanaomfuata hutenda, na matokeo yake huwafikia watu ambao yeye hatawaona kamwe. Kwa sababu hiyo uthabiti pekee hautoshi. Anayelelewa, hasa aliyekomaa, anastahili kuelezwa sababu, kusikilizwa maswali yake na kuaminiwa kwamba dhamiri yake inaweza kupima. Otunga wa Kisii alikuwa ameliona kundi likiondoka kwa kukosa kusikilizwa. Otunga wa Nairobi alikabiliwa na kizazi kilichobaki ndani ya Kanisa lakini kikiuliza maswali yale yale kwa sauti ya chini.

Nyumba ya Wazee

Otunga alistaafu mwezi wa Aprili 1997, na nafasi yake ikachukuliwa na Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki. Hakujenga jumba la kustaafia wala hakurudi katika ardhi ya baba yake. Alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, makao ya wazee maskini jijini Nairobi yanayotunzwa na Masista Wadogo wa Maskini. Aliyezaliwa katika boma la chifu na kuvaa vazi jekundu la kadinali alimaliza siku zake akitunzwa pamoja na watu wasio na mtu wa kuwatunza.

Uamuzi huu unaeleza mengi kuliko hotuba. Mlezi hatimaye alirudi kuwa mwenye kulelewa. Alifariki tarehe 6 Septemba 2003, akiwa na umri wa miaka 80. Alizikwa kwanza katika makaburi ya wamisionari ya Mtakatifu Austin, Msongari, mahali ambapo Edel Quinn pia alilazwa mwaka 1944. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Bustani ya Ufufuko mtaani Karen. Kanisa limeanzisha mchakato wa kuchunguza iwapo anastahili kutangazwa mtakatifu, naye sasa huitwa Mtumishi wa Mungu. Huko Mosocho, Kisii, shule ya upili ya wavulana imeitwa kwa jina lake, na hivyo kwa maana ile ya kale ya Kiswahili, amekuwa somo wa maelfu ya vijana ambao hawakuwahi kumwona.

Hitimisho

Maisha ya Kadinali Otunga yanatuonyesha kwamba ulezi wa kiroho ni mnyororo. Walimu wa Bungoma na wamisionari wa Mill Hill walimlea mtoto wa chifu. Mtoto huyo akawalea Wagusii, Wajaluo na Wakuria. Nao wakaendelea kulea. Pete moja ikikatika, mnyororo hauishi, lakini wapo wanaoanguka. Yanatuonyesha pia kwamba cheo hakimfanyi mtu kuwa mlezi. Kinachomfanya mlezi ni kuijua hofu ya mwenzake, kusema kweli bila kumfungia mlango, na kukubali kuondoka wakati wake unapofika.

Katika parokia za Kisii na Nyamira, kila mtoto anapobatizwa, jina la msimamizi huandikwa katika daftari kando ya jina lake. Mara nyingi msimamizi huyo huchaguliwa kwa sababu ana gari, ana kazi mjini au ameahidi zawadi. Siku ya sherehe hupiga picha, hula wali na nyama, kisha hurudi alikotoka. Na mtoto hukua bila kumjua. Makatekista wa Nyabururu, waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango, hawakuwa na zawadi za kutoa. Walikuwa na muda. Wanaoandikwa katika madaftari hayo leo wangefanya vyema kujiuliza ni lini mara ya mwisho walipobisha hodi katika nyumba ya mtoto waliyeahidi kumlea.